Mboga kwenye paipu ya wima: za juu zinanyauka, za chini zinaoza. Nakosea wapi wakuu?

#1 chipukizi_barazani (mleta uzi)
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaolima kwenye nafasi ndogo maana mwenzenu nimekwama na hii kazi naipenda kwelikweli. Naishi ghorofani, ardhi sina kabisa, nina kibaraza tu cha hatua tatu kwa mbili, nikasema kama siwezi kupanda kwa upana basi nipande kwenda juu. Nikachukua paipu ya plastiki ya inchi 4, urefu mita moja na nusu, nikatoboa matundu 24 kuizunguka, nikajaza udongo wa kawaida nimechanganya na samadi, nikapanda saladi, spinachi, mchicha na vitunguu majani. Wiki mbili za kwanza raha mtupu, nikiamka tu kitu cha kwanza ni kwenda kuangalia. Saivi ni wiki ya tano, mistari miwili ya juu imenyauka hata nikimwagilia haiinuki, ya katikati ipo ila imedumaa vilevile kama siku niliyopanda, na ya chini majani yamegeuka njano, spinachi mbili nimezivuta zikatoka na mashina yameoza. Maji naweka lita mbili kila asubuhi kwa juu, siruki hata siku moja. Nakosea wapi?

#2 fundi_matundu
Pole sana mkuu. Kabla hatujakupa dawa fanya kitu kimoja, chukua kijiti kirefu cha mti kikavu, kichomeke tundu la juu kabisa mpaka katikati ya paipu, subiri dakika kama tano, kichomoe ukiangalie na ukinuse. Fanya hivyo katikati na chini pia afu rudi utuambie. Na hayo maji lita mbili unamimina kwa mkupuo au taratibu?

#3 chipukizi_barazani
Nimefanya sasa hivi. Cha juu kimetoka kikavu kabisa kina vumbi, yani kama sijawahi kumwagilia. Cha katikati kina unyevu upande mmoja tu. Cha chini kimetoka na tope jeusi na kinanuka kama yai viza. Maji namimina kwa mkupuo, natumia jagi, nikimaliza naona yanatoka chini haraka nikawa najua ndio yameshaenea.

#4 fundi_matundu
Hapo sasa umejijibu mwenyewe. Maji hayaenei, yanapita. Udongo ukishakauka unasinyaa, unaachana na ukuta wa paipu unabaki ufa mwembamba kuizunguka, sasa ukimimina jagi zima kwa mara moja maji yanafuata ule ufa mpaka chini bila kugusa mizizi ya juu. Wewe unaona yanatoka chini unafurahi kumbe juu ni jangwa na chini ni kinamasi. Hiyo harufu ya yai viza ni ya vijidudu vinavyofanya kazi pasipo hewa, na mizizi nayo inahitaji hewa kama sisi, ikikosa inaoza. Kwa hiyo mmea wa juu unakufa kwa kiu na wa chini unakufa kwa kuzama, wote kwenye paipu moja na maji ni yaleyale.

Ila kuna kosa la pili kubwa zaidi na hili karibu kila anayeanza analifanya, usihesabu matundu, hesabu udongo. Tupige hesabu pamoja. Paipu yako kwa ndani ni kama sentimita 10 upana, urefu 150. Nusu ya upana ni 5, tano mara tano 25, mara 3.14 mara 150, unapata kama sentimita za ujazo 11,775, yani hazifiki hata lita 12. Gawa kwa mimea 24. Kila mmoja una chini ya nusu lita ya udongo! Chukua chupa ya maji ya nusu lita iweke mbele yako, jiulize spinachi iliyokomaa inaweza kuishi humo ikapata maji na chakula mpaka kesho? Kudumaa kote kwa katikati ni hiyo, mizizi imegusana inapigania kijiko cha udongo. Paipu inakuongezea nafasi ya majani, udongo haikuongezei.

#5 dari_la_kijani
Hapo kwenye idadi nitofautiane kidogo na fundi. Mimi nina mnara una mimea 30 na inastawi vizuri sana, saladi navuna kila wiki.

#6 fundi_matundu
Mkuu dari, mnara wako una udongo au unazungusha maji kwa pampu?

#7 dari_la_kijani
Wa pampu, maji yenye virutubisho yanapanda juu yanashuka yakinyeshea mizizi afu yanarudi kwenye tanki.

#8 fundi_matundu
Sasa huo ni ulimwengu mwingine na si vizuri kumchanganya mwenzetu. Kwako mizizi haihitaji ghala, chakula kinapita mbele yake kila baada ya dakika kadhaa, ndio maana mimea 30 inakaa. Kwenye udongo ghala la maji na chakula ni ule udongo wenyewe, ukiwa mdogo ghala ni dogo. Na wewe pampu ikizimika mchana wa jua unajua kinachotokea.

#9 dari_la_kijani
Hilo ni kweli kabisa, masaa machache tu ya jua kali saladi zinalala zote. Sawa nimekubali, hesabu yangu haimhusu.

#10 bibi_mchicha
Hamjambo wanangu. Mimi nalima kwenye magunia na makopo mwaka wa kumi na moja sasa. Chipukizi usivunjike moyo mwanangu, mimea mitano iliyoshiba inakupa majani mengi kuliko ishirini yenye njaa, nimeyaona haya kwa macho yangu. Punguza. Acha matundu kumi tu, mengine ziba. Na ule udongo wako wa shamba ndani ya paipu unashikamana unakuwa kama tofali, utoe wote. Changanya upya: udongo sehemu moja, mboji iliyoiva vizuri sehemu moja, na sehemu moja ya kitu cha kuufanya upumue, nyuzi za nazi au makapi ya mpunga yaliyokaa au mchanga mnene, ulichonacho. Maranda mabichi ya mbao usitie, yakianza kuoza yanakula chakula cha mboga. Samadi mbichi nayo inaunguza mizizi, iache mpaka isinuke na isipate joto tena ukiilowanisha, inuke udongo tu.

Kipimo changu ni hiki: kamata mchanganyiko uliolowa kiasi, ukamue kwenye kiganja, ufungue. Ukibaki donge gumu, ongeza cha kupumulisha. Ukimwagika wote papo hapo, ongeza mboji. Unatakiwa ukae donge halafu ukiligusa kwa kidole liachie.

#11 chipukizi_barazani
Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili hiyo ya kiganja, nikaenda kujaribu udongo wangu, umebaki donge kama la kufinyangia chungu! Kwa hiyo natoa wote. Sasa swali la maji, hata nikibadili udongo maji si bado yatapita kwa juu kwenda chini?

#12 bibi_mchicha
Marahaba mwanangu. Hilo waachie mafundi wa mapaipu, mimi wangu ni gunia.

#13 fundi_matundu
Weka paipu nyembamba katikati, ya inchi moja inatosha, iwe na urefu sawa na ile kubwa ipite kidogo juu. Chini iziba kabisa kwa kifuniko. Itoboe matundu madogo ya milimita 3, na hapa ndio watu wengi wanakosea, wanatoboa sawasawa toka juu mpaka chini. Maji yakijaa kwenye paipu yanasukuma kwa nguvu zaidi chini kuliko juu, kwa hiyo ukitoboa sawasawa chini panapata mengi na unarudi kulekule kwenye tope. Toboa mengi theluthi ya juu, kiasi katikati, na chini mawili matatu tu. Izungushie kitambaa chepesi ili udongo usiingie ukaziba. Afu unajaza udongo kuizunguka, unagongagonga ukuta wa paipu kubwa kwa kiganja udongo ukae, usiushindilie.

Kumwagilia sasa, jaza paipu nyembamba, acha ishuke yenyewe, subiri dakika kumi, jaza tena. Lita mbilimbili kwa mkupuo acha kabisa. Na kama siku moja umesafiri ukakuta umekauka kabisa juu, raundi ya kwanza weka kidogo sana, yani nusu kikombe tu, udongo mkavu unakataa maji mpaka ulowane kidogo kwanza ndio unaanza kunywa.

#14 mpanda_ukuta
Naongezea kokoto. Watu huweka kokoto chini ya chombo wakidhani maji yatatoka vizuri. Hazisaidii, maji yanagoma kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unakuwa umelisogeza tope juu karibu na mizizi na umepoteza udongo. Matundu mazuri chini yanatosha, weka kipande cha neti udongo usitoke.

#15 gunia_moja
Mbona kwenye magunia tunaweka mawe katikati na yanafanya kazi vizuri tu? Dada yangu alinifundisha hivyo na sukuma zake ni za kuonyesha watu.

#16 bibi_mchicha
Hayo ni mawe ya wima mwanangu, si ya chini, kazi yake ni njia ya maji, sawa na ile paipu ya katikati ya fundi. Ngoja niwaeleze wote maana wengi wanaona gunia limesimama hawajui linajengwaje. Unachukua kopo kubwa lililotolewa kitako, unalisimamisha katikati ya gunia tupu, unajaza mawe madogo ndani ya kopo na udongo nje yake mpaka zilingane. Halafu unalivuta kopo juu taratibu kwa kulizungusha, mawe yanabaki yamesimama na udongo umeyakumbatia. Unajaza tena, unavuta tena, mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe toka chini mpaka mdomoni. Ubavuni unachana vidirisha vya kupitisha vidole viwili, unapishanisha, kimoja kisikae juu ya kingine. Mche unauingiza mzizi ukielekea ndani na chini kidogo, unaubana na udongo kwa kidole. Mche uwe na majani manne ya kweli, usihesabu yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu, ukiwa mchanga zaidi ya hapo maji ya kwanza yanaung'oa.

#17 mpanda_ukuta
Asante bibi, nakubali, mimi niliongelea kokoto za kitako tu.

#18 gunia_moja
Ila jamani kwa mtu wa ghorofani kama mleta uzi gunia nisingemshauri bila kupima uzito. Gunia la upana sentimita 50 na kimo 80 linachukua kama lita 157, udongo uliolowa ni mzito kuliko maji kwa hiyo linavuka kilo 200 kirahisi, na ukiweka matatu upande mmoja wa kibaraza umeweka zaidi ya kilo 600 sehemu ambayo hujui fundi aliijenga ibebe nini. Mimi niliona ufa kwenye sakafu ya kibaraza changu pembeni ya gunia, nikalimwaga siku hiyohiyo usiku kwa ndoo, nilitetemeka. Paipu yake ya lita 12 haina shida, hiyo na maji yake ni kama kilo 20. Weka karibu na ukuta au juu ya boriti, usiweke ncha ya kibaraza, na ifunge kwa waya isidondoke kukiwa na upepo maana kuna watu wanapita chini.

#19 chipukizi_barazani
Aisee hiyo ya upepo sikuwaza kabisa, ilikuwa imeegemea tu kwenye chuma za kibaraza. Nimeifunga sehemu tatu jana usiku uleule niliposoma.

#20 mtazamaji7
Samahanini, mimi naona hizi za kupanda ukutani ni fasheni za mtandaoni za miaka hii, mtu akitaka mboga atafute kiwanja.

#21 mpanda_ukuta
Si za miaka hii ndugu. Stanley Hart White, profesa wa usanifu wa mandhari Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, alipewa hataza, yani haki rasmi ya uvumbuzi, ya ukuta wa mimea mwaka 1938. Na asiye na kiwanja umwambie nini, akae bila jani la kijani kwa sababu anaishi ghorofani? Hapa umesoma mtu anahangaika na mashina yaliyooza wiki nzima, huyo anataka kula alichopanda. Ila nikubaliane nawe sehemu moja, si kila kitu kinafaa. Mahindi, viazi na maboga usihangaike navyo kwenye paipu, ni majani na viungo ndio mahali pake.

#22 mtazamaji7
Sawa, nimekuelewa, sikuwa na nia mbaya.

#23 mama_wa_mnanaa
Jua hamjaligusa na ndio lilinishinda mimi mwaka mzima. Mboga za majani zinataka angalau masaa manne mpaka sita ya jua la moja kwa moja, za matunda kama nyanya na pilipili sita mpaka nane. Sasa paipu ina mgongo! Upande mmoja unaoga jua upande mwingine upo kivulini siku nzima, mimi nilikuwa najiuliza kwa nini saladi za nyuma zinarefuka shingo na majani yamepauka. Tafuteni siku moja mkiwa nyumbani, kila saa andikeni jua limefika wapi kwenye kibaraza, nilivyofanya hivyo nikagundua nilikuwa nimeweka bustani yangu kona inayopata jua saa moja na nusu tu, na pembeni yake hatua mbili palikuwa na masaa matano. Aliye mbali kusini mwa ikweta ukuta unaotazama kaskazini ndio unapata zaidi, aliye mbali kaskazini ni kinyume chake, na walio karibu na ikweta jua linahama upande kutegemea miezi kwa hiyo pimeni tena baada ya miezi kadhaa. Na paipu ikalisheni juu ya kitu kinachozunguka, kila baada ya siku mbili tatu geuza robo.

Paipu nyeusi au ya kijivu ikikaa jua kali ipake rangi nyeupe au izungushie kitambaa cheupe, udongo mle ndani unachemka mizizi ya pembeni inaungua.

#24 chipukizi_barazani
Mama asante, yangu ni ya kijivu na mchana ukiigusa unatoa mkono. Nitapaka. Vipi kuhusu mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo? Jirani ana mawili anataka kunipa.

#25 fundi_matundu
Angalia muhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona herufi HT ni la joto, mbao zimepashwa mpaka ndani zifike nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu, hilo chukua. Ukiona MB limefukizwa kwa methyl bromide ambayo ni sumu, mboga usipande humo. Halina muhuri au lina madoa ya mafuta, liache, huwezi kujua lilibeba nini. Hivyohivyo kwa magunia na ndoo, vilivyobeba dawa za mashamba au mbegu zilizotiwa dawa usitumie hata ukiosha mara kumi.

Na kama utatengeneza vifuko kwenye paipu kwa kuipasha moto, yani unachana mstari wa sentimita 10, unaulainisha kwa joto, unasukuma shingo ya chupa ifunguke kama mdomo, fanya nje penye upepo na usiiunguze. Plastiki ile ya PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Ilainike tu, ukiona moshi umeshapitiliza.

#26 mama_wa_mnanaa
Visahani vya chini mnavyokingia maji mmwage, msiache wiki ipite, mbu wanazaliana humo. Mnanaa wekeni peke yake kwenye chombo chake, mizizi yake inatembea inameza paipu nzima.

#27 chipukizi_barazani
Wakuu nimerudi, leo ni wiki ya saba tangu nijenge upya. Nilitoa udongo wote, chini ulikuwa mweusi unanuka mpaka nikaenda kuuanika juani, paipu nikaosha, nikaacha matundu 10, nikaweka paipu nyembamba katikati kama alivyoelekeza fundi, juu matundu mengi chini mawili. Nimepaka nyeupe. Mstari wa juu nimeweka vitunguu majani maana vinavumilia, katikati saladi na spinachi, chini mchicha.

Mchicha nilishavuna wiki ya nne na umechipua tena. Spinachi moja jani lake limepita kiganja changu, nilikaa nalo mkononi dakika nzima. Nachuna majani ya nje tu, ya moyoni nayaacha. Kijiti nachomeka kila baada ya siku mbili, kinatoka na unyevu juu, katikati na chini, na hakinuki. Kuna vidukari vimeanza chini ya majani ya saladi mbili, hiyo ndio shida iliyopo.

#28 bibi_mchicha
Hongera mwanangu, nimefurahi sana. Vidukari usivichelewe. Leo vifute kwa kidole na maji, halafu jioni jua likishashuka changanya kijiko kimoja kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, pulizia chini ya majani ndiko vinakokaa, asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia baada ya siku nne au tano kwa sababu vile vidogo ulivyovikosa vitakuwa vimekua. Jaribu kwanza kwa jani moja, saladi ina ngozi laini. Na kwa kuwa udongo wako ni mdogo na unamwagilia kila siku, chakula kinachuruzika na maji, kila wiki mbili wape maji ya mboji: loweka konzi mbili kwenye ndoo usiku mmoja, chuja, mimina kwenye paipu yako ya katikati. Ukiona chumvi nyeupe mdomoni mwa udongo, siku hiyo mimina maji matupu mengi mpaka yatoke chini.

#29 gunia_moja
Chipukizi, hayo matundu 14 uliyoziba uliziba na nini? Nataka kupunguza kwangu pia.

#30 chipukizi_barazani
Vifuniko vya chupa kwa yaliyoenea, mengine kitambaa kinene nilichokikunja nikakisukuma kwa ndani kabla ya kujaza udongo. Kitambaa kimekaa vizuri zaidi, kinapitisha hewa na udongo hautoki. Vifuniko viwili vilitoka nilipogongagonga.

#31 gunia_moja
Sawa mkuu, naanza kesho asubuhi.